Nusu ya Imondo

Kuku wa kwanza ambaye mke wangu aliwapikia watu wa nyumbani kwetu aliletwa na mama yangu mzazi, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge, kichwa kimetokeza kwenye kikapu. Tulikuwa na wiki tatu tu katika ndoa. Mama alikuja na kaka yangu mkubwa kumwona bibi arusi, ingawa hilo neno bibi arusi mama hakulitamka, kwa sababu mke wangu alikuja kwangu akiwa mjane mwenye binti wa miaka kumi na mmoja, nami nikiwa kapera wa miaka arobaini na miwili ambaye ukoo mzima ulikuwa umeshachoka kumuuliza maswali.

Nilimchinja kuku mwenyewe nyuma ya nyumba. Mke wangu akamtia kwenye maji moto, akamnyonyoa, akambabua kwa moto wa kuni, akaingia naye jikoni. Mimi nikarudi sebuleni kupiga soga na wageni. Nyumba ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili na jiko la nje, kando ya barabara ya kwenda Bukura, na harufu ya mchuzi ilitufikia palepale kwenye makochi. Mama alivuta pumzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajiona mwanamume kamili.

Kwa msomaji asiyetoka Kakamega, lazima nieleze habari ya imondo. Imondo ni firigisi ya kuku. Kwetu Waluhya haipewi mtu yeyote isipokuwa mwenye nyumba. Mtoto haigusi, mgeni haipati ila mwenye nyumba akipenda, na mke aliyeipika haionji. Mpishi huipasua ubavuni, akaifungua, akatoa changarawe na ile ngozi ya njano ya ndani, lakini kisu hakifiki mwisho. Kinasimama kabla. Imondo inabaki moja, imefunguka kama kitabu, na ndivyo inavyowekwa juu kabisa ya sahani ya mwenye nyumba mbele ya macho ya watu wote. Nimesikia ndoa zilizovunjika kwa sababu ya imondo iliyopotea, na sikuwahi kuzichukulia kuwa hadithi za kuchekesha.

Chakula kikaletwa: obusuma, yaani ugali, wa mtama, mboga ya mrenda, na kuku wetu ndani ya mchuzi. Sahani yangu ikawekwa mbele yangu. Juu ya paja, mahali pa heshima kabisa, palikuwa na nusu ya imondo.

Nusu. Ilikuwa imekatwa sawasawa katikati, kwa pigo moja, na mtu ambaye hakusita.

Mama ndiye aliyeona kwanza. "Hii imondo imeliwa na panya?"

"Ama huko jikoni kuna mzee mwingine," kaka akasema. Alicheka, ila macho yake hayakucheka.

Mke wangu alikuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa. Akaitazama sahani yangu, akashika mdomo. Akaweka jagi chini, akatoka mbio, akarudi na kisahani. Ndani ya kisahani palikuwa na ile nusu ya pili, na ilikuwa imeshamegwa. Alama za meno yake zilionekana wazi.

"Nisamehe, mama," akamwambia mama yangu, si mimi. "Mkono imejiendea tu. Mimi na baba ya mtoto tulikuwa tunagawananga. Nimesahau."

Baba ya mtoto alikuwa na miaka minne chini ya udongo.

Tulikula, mama akizungumzia mahindi ya Matete alikozaliwa, maana mtu lazima azungumzie kitu. Jioni nilipowasindikiza, kaka alinishika bega. "Huyo marehemu alikuwa amekaliwa," akasema. "Mwanaume mzima unagawana imondo na bibi?" Nikacheka naye mpaka machozi yakanitoka. Nikasema ndiyo, alikuwa amekaliwa kweli, maskini.

Walidhani nimeona aibu. Sasa ninaweza kusema kwamba sikuona aibu hata kidogo. Nilikuwa na wivu, wivu mbichi, wa kumwonea mtu ambaye hata kaburi lake sijawahi kulikanyaga. Nilijua vizuri imondo ni nini kwa mwanamume wa kwetu. Huyu aliletewa yake, akaikata, akampa mkewe nusu, na si mara moja tu katika siku za uchumba ili aonekane mwungwana. Alifanya hivyo mara nyingi mno, hata mkono wa mke ukaacha kufikiri. Na mimi nilikuwa nimempa nini? Leso mbili na ahadi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ugonjwa wangu ni kwamba jambo likinichoma, hulitafutia neno kwanza, halafu ndipo naanza kuumia. Ikawa kwamba wiki ileile nilikuwa nawafundisha kidato cha tatu msamiati wa mwenendo wa watu. Nikaandika ubaoni: silika, hulka, tabia, mazoea. Nikawaeleza kwamba silika ni jambo ambalo kiumbe huzaliwa nalo, halifunzwi na mtu, halingoji ruhusa. Hulka ni umbile la ndani, lile linalomfanya ndugu mmoja awe mpole na mwingine awe mwepesi wa hasira, kama mimi. Tabia ni ile ambayo jirani anaiona akakusema nayo. Mazoea ni kile kinachoingia kwa kurudiwarudiwa, mpaka mwenye mwili asijue tena kiliingia lini.

Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, mtu akishtuka aseme 'Yesu wangu!', hiyo ni silika ama ni mazoea?"

Darasa likacheka. Nikasema kushtuka ni silika, lakini kumwita Yesu ni mazoea, kwa sababu aliyelelewa kwingine angeita kitu kingine. Nikajipongeza kimoyomoyo kwa jibu hilo.

"Na kama yeye mwenyewe hata hajui amesema?" msichana akauliza.

Nikamwambia akae chini.

Swali lile nililibeba mpaka chumba cha walimu. Mwenzangu mmoja, mama mtu mzima anayefundisha baiolojia na kufuga kuku kwake nyumbani, alikuwa akisahihisha madaftari. Nikajifanya nina shida ya somo tu.

"Kifaranga akitoka kwa yai anadonoa," akaniambia bila kuinua kalamu. "Nani amemfundisha? Hakuna. Hiyo ni silika. Lakini kuku zangu zikisikia nikigonga debe la mahindi zinakuja mbio. Hiyo nimezifunza mimi."

"Na hiyo ya debe inaweza kutoka?"

"Uache tu kugonga. Ama ugonge na usizipatie kitu. Itaisha yenyewe polepole."

"Na kudonoa?"

"Kudonoa hakuishi, ndugu yangu. Mpaka umchinje."

Nilirudi nyumbani siku hiyo na matumaini ya ajabu. Nilikuwa nimepata neno langu. Yale ya mke wangu yalikuwa mazoea. Yule mtu aligonga debe, na sasa debe lilikuwa kimya, na kazi yangu ilikuwa kungoja na kusaidia kidogo. Kitu nilichokiogopa kilikuwa kwamba labda ni silika, kwamba alizaliwa awe wa yule mtu, na hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kufundisha lolote juu ya hapo. Nilitaka jambo moja tu katika dunia hii. Kama mkono ule ungejifunza upya, nilikuwa na mke. Kama usingejifunza, nilikuwa nimeoa mke wa mtu.

Nikaanza kumpeleleza. Nasema kumpeleleza kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa na gazeti mkononi na macho juu ya mikono yake. Nikaona mengi kuliko nilivyotaka. Marehemu alikuwa mtembeza wageni msituni, kule Isecheno, mtu wa kuwaonyesha Wazungu ndege na nyani, na kazi yake ilikuwa kumjua ndege kwa sauti kabla hajaonekana. Basi kila hondohondo alipopita juu ya nyumba yetu akipiga ile kelele yake ya mbuzi aliyebanwa, mke wangu aliinua kidole kimoja na kunyamaza, hata akiwa katikati ya neno. Kidole kile kilinielekea mimi. Mwenye nyumba ananyamazishwa nyumbani kwake ili marehemu asikilize ndege wake.

Chai yangu ilikuja bila sukari. Nilikuwa nikiweka mwenyewe, nikidhani ni adabu tu, mpaka nilipogundua kwamba chai yake na ya bintiye ilitiwa sukari kwenye birika dogo, na yangu ilimiminwa kando kwa sababu kuna mtu fulani ambaye hakupenda sukari.

Lakini lililoniua ni la kupe. Tangu siku ya kwanza ya ndoa yetu, niliporudi kutoka shuleni na kuketi kizingitini kuvua viatu, mke wangu alikuwa akija nyuma yangu na kupitisha vidole ndani ya ukosi wa shati langu, kuzunguka shingo, polepole, mpaka nyuma ya masikio. Kisha alienda zake jikoni. Sikuwahi kuguswa hivyo maishani mwangu. Njiani kutoka shuleni nilikuwa nikiongeza mwendo. Nilikuwa nikifungua kifungo cha juu cha shati kabla ya kufika langoni, mtu mzima na mvi zangu, ili vidole vipite bila shida. Nilijua, kama kuna kitu changu peke yangu katika nyumba ile, kilikuwa hicho.

Jioni moja binti yake alikuwa ameketi hapo karibu akichambua mboga. Aliniita Mwalimu, kama mama yake alivyoniita, na alikuwa mtoto mwenye maneno machache. Mama yake alipomaliza na kuondoka, akasema, kwa wema kabisa, "Mama huwa anaangalianga kupe. Baba alikuwa anatokanga nazo msituni."

Nilivaa viatu tena nikatoka. Nilitembea mpaka kwenye mashamba ya miwa nikasimama huko nikitukana kwa Kiluhya, maana Kiswahili changu kiliniishia. Kesho yake vidole vilipoingia kwenye ukosi, niliutoa mkono wake. "Shuleni hakuna kupe," nikamwambia.

Alinitazama, akautazama mkono wake. "Kupe?" akauliza. Akawaza. Nikaona akikumbuka, na uso wake ukamwiva kwa haya. "Woi, Mwalimu. Hata sikujua naangalia."

Hata hakujua. Maneno hayo aliyatoa kama udhuru, nami niliyapokea kama tusi. Angejua, ningemsamehe. Mtu anaweza kuacha analolijua.

Kuanzia hapo nikawa mkufunzi nyumbani kwangu. Sikumpiga wala kumpigia kelele; wanaume wa aina hiyo niliwadharau na bado nawadharau. Nilifanya kama mwenzangu alivyosema juu ya debe. Hondohondo alipolia na kidole kikainuka, niliongeza sauti, nikaendelea kusimulia habari za mkutano wa walimu mpaka ndege akaishia mbali. Kikombe kisicho na sukari nilikirudisha, bila neno, nikakisukuma kwa kidole mpaka upande wake wa meza. Shingo yangu niliikaza. Alipokuja nyuma yangu nilisimama. Baada ya muda hakuja.

Imondo ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, kwa sababu hatukuchinja kuku kila wiki. Kila tulipochinja nilienda kusimama kwenye mlango wa jikoni. Nilijidai nina njaa, nimekuja kuvuta harufu. Mke wangu aliiweka imondo juu ya ubao, akashika kisu, akaanza kupasua ubavuni. Kisu kilikuja, kikaja, kikafika pale pa kusimama. Hapo aliinua macho kunitazama. Mimi nilikuwa natazama kisu. Kikasimama. Akaifungua, akaisafisha, akaiweka nzima kwenye sufuria, na mabega yake yakashuka.

Mwaka wa kwanza alinitazama kila mara. Mwaka wa pili kisu kilisimama kwanza, ndipo akanitazama. Sikumbuki ni lini hasa aliacha kunitazama. Ninachokumbuka ni kwamba siku moja nilichelewa, nikamkuta amekwisha kupika, nikaifunua sufuria kwa haraka ya mwizi, na imondo ilikuwa nzima. Nikaila yote nikiwa na furaha ambayo sasa inanitia kichefuchefu. Nilimpigia simu kaka yangu kumsalimia tu. Hakujua kwa nini nilikuwa mchangamfu.

Nilikuwa nimeshinda. Marehemu aliondoka kwenye nyumba yangu kidogokidogo, tendo baada ya tendo, mpaka nikawa simwoni tena. Tukanunua kipande cha ardhi, tukajenga, tukahamia. Nikangoja mazoea yangu mimi yaanze.

Hayo ndiyo niliyokuwa sijayafikiria. Nilidhani mkono ukiachwa wazi utajaa wenyewe. Nilidhani siku moja nitamkuta anafanya kitu kwa ajili yangu bila kujua, jambo dogo tu, la kipuuzi, ambalo mtu mwingine akilitazama atasema huyu mwanamke ameishi na yule mwanamume. Nilingoja kwa makini zaidi kuliko nilivyompeleleza. Mke wangu alinitunza vizuri. Hakuna mtu wa kwetu anayeweza kumsema. Lakini alinitunza kwa kuuliza. Mwaka wa sita wa ndoa bado aliuliza, kijiko kikiwa hewani, "Mwalimu, nikuwekee sukari ngapi?" Aliuliza nitavaa shati gani. Aliuliza kama nalalia upande huu au ule. Kila tendo alilonitendea alilipima kwanza, na baada ya kulitenda alinitupia jicho kuona kama amepata alama.

Siku moja ya mvua tulikuwa tukitoka kanisani kwa ile njia ya mteremko, udongo mwekundu umelainika. Nikateleza. Viatu viliondoka chini yangu, nikaanguka makalio chini na suruali yangu ya Jumapili, nikaburuzika hatua mbili tatu. Mke wangu alikuwa ubavuni pangu, karibu kiasi cha kunigusa. Nilimwona kutoka huko chini. Alikuwa ameunyosha mkono nusu, ukasimama hapo hewani, na uso wake una wasiwasi wa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Nikushike, Mwalimu?" akauliza.

Watu wakacheka kwa kuanguka kwangu, nami nikacheka pia. Nikainuka mwenyewe. Lakini nyumbani nilijifungia chumbani nikijidai nabadilisha suruali, nikakaa kitandani na tope langu. Hata mtu baki angenidaka. Mtu akiona mwenzake anaanguka hunyosha mkono kabla ya kujua ni nani. Niliwafundisha watoto wa watu miaka yote kwamba hiyo ni silika. Kwa mke wangu nilikuwa nimeiwekea swali mbele yake.

Unaweza kudhani wivu uliisha hapo. Ulizidi. Zamani nilimwonea marehemu wivu kwa vile alivyokuwa navyo bado. Sasa nilimwonea wivu kwa sababu alipata vitu ambavyo havikuombwa wala kupimwa, na alivipata labda bila kuvitambua, kama mtu anavyopata hewa. Pengine hakuwahi hata kuviona vile vidole shingoni mwake, akafikiri ni kupe tu. Nilimchukia kwa uzembe huo. Mchana mwingine nilikaa barazani nikimngoja hondohondo. Akaja, akapita chini kabisa juu ya mabati, akipiga kelele. Mimi ndiye niliyeinua kichwa. Mke wangu aliendelea kuchambua maharage.

"Hondohondo," nikasema.

"Eeh?" akasema. "Umeniita?"

Mwaka huu binti yake ameingia mwaka wa pili katika chuo cha kilimo, hapo Bukura. Anakuja nyumbani baadhi ya Jumamosi, msichana mrefu, mkono wake wa kuume mwepesi kazini kama wa mama yake, bado wa maneno machache. Mwezi uliopita alikuja na jogoo amembana kwapani, akatuambia tukae chini wote wawili, leo tunapikiwa. Mama yake alijaribu kumfuata jikoni akafukuzwa. Tukakaa mezani, mimi na mke wangu, mchana kweupe, nyumba nzima ikinukia.

Binti akaandaa meza moja ya watu watatu. Hatukuwa na mazoea hayo; mke wangu hula jikoni tukiwa na mgeni, na tukiwa peke yetu hula nikishamaliza, ingawa hilo sikumfunza mimi. Akatuwekea sahani zote tatu, akaketi, akaomba baraka kwa sentensi moja. Nilipofumbua macho niliona nusu ya imondo juu ya paja langu. Niliangalia sahani ya mke wangu. Nusu ya pili ilikuwa hapo.

Sitasema uongo. Kitu cha kwanza kilichonipanda ni kile kile cha zamani, moto kifuani. Nikajiambia: marehemu amehamia kwa mtoto. Alikuwa na miaka mingapi baba yake alipokufa? Saba. Alikaa kwenye jiko fulani huko ukingoni mwa msitu akiona kisu kikifika mwisho, na sasa kisu chake kinafika mwisho. Nikamtazama usoni kuona kama ananichokoza. Alikuwa anapuliza tonge lake. Hakujua alilofanya.

Halafu moto ule ukatulia, na chini yake nikakuta jambo ambalo sikulitarajia: nilifurahi. Nilitaka mke wangu aile. Nilitaka aile mbele yangu, kwa meno yake, na nisiseme neno, na iwe kwamba imetoka katika nyumba yangu. Marehemu na achukue sifa zote. Nilikuwa tayari kabisa, baada ya miaka minane, nikiwa nimeshika kingo za meza kama mtu anayesubiri matokeo ya daktari.

Mke wangu aliitazama sahani yake. "Hii ni ya Mwalimu," akasema.

"Lakini mama," binti akasema, "si ulikuwa unapendanga?"

"Nilikuwa."

Akaichukua kwa kijiko, akaivusha juu ya bakuli la mchuzi, akaiweka kwenye sahani yangu. Haikumchukua muda. Alifanya hivyo huku akimwuliza binti kama mvua imefika huko chuoni.

"Hapana," nikasema. "Hiyo ni yako. Kula." Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka, sauti ya darasani. Nikaishika ile nusu kwa vidole vyangu mwenyewe, nikanyosha mkono kuvuka meza.

Kiganja chake kilifunika sahani. Kilifunika kabla mkono wangu haujafika nusu ya meza, kabla hajainua macho kunitazama, alipokuwa bado anamsikiliza binti. Kisha ndipo akageuka na kukiona mkono wake umelala pale juu ya chakula, na mkono wangu hewani, mchuzi ukidondoka juu ya kitambaa.

"Nimeshiba, Mwalimu," akasema. Alikuwa hajamega hata tonge moja.

Nilingoja autoe mkono. Hakuutoa. Hakuwa amekasirika, niliutafuta uso wake wote nisione hasira, na ningeipokea kwa mikono miwili. Binti alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Basi mwache, Mwalimu," akasema polepole.

Nikairudisha ile nusu kwenye sahani yangu, kando ya mwenzake. Kwa desturi yetu hapakuwa na mtu mwingine pale mezani ambaye angeweza kuila. Nikazila zote mbili, na binti yake alinitazama nikitafuna mpaka nikameza.